Habari Iliyosomwa Saa Kumi

Kila siku baada ya masomo, Serwaa alikwenda kwenye kituo cha redio cha mji wa Nsuta, akala wali na maharage aliowekewa na mama yake, kisha akafanya kazi za shule. Mama yake, Konadu, alisoma habari za saa kumi kwa lugha ya Kitwi. Watu walimwamini, ingawa majuma yale ya uchaguzi vijana wa chama tawala walimtania kwamba habari zake hufika zimepoa kama uji wa jana.

Alasiri moja gari la Bwana Banahene, mgombea wa upinzani, lilipinduka. Simu zikalia mfululizo kituoni: wengine walisema amevunjika mkono, wengine amekufa. Kwa desturi ya Waashanti, kifo hakitangazwi kabla mzee wa ukoo hajaarifiwa, wala mzee huyo haulizwi kwa simu. Huendewa mlangoni pake. Konadu alikuwa peke yake kazini, hakuweza kutoka. Akamtuma binti yake kwa Opanyin Twumasi, mzee wa ukoo wa mgombea.

"Umwamkie kwanza, ndipo umuulize," alimwonya. "Usiniletee neno la mtu mwingine."

Serwaa aliishia njiani, kwenye kibanda cha kuuzia kenke, madonge ya unga wa mahindi. Wenzake walikuwa wakicheza ampe, wakirukaruka na kupiga makofi.

"Mtoto wa redio, leo unaogopa miguu yetu?" mmoja alimchokoza.

Akaingia mchezoni. Muda ukapita, mpaka akamsikia kijana wa chama tawala akiapa kwamba Banahene amekwisha kufa. Saa kumi ilikuwa karibu. Serwaa akarudi mbio.

"Opanyin amesemaje?"

"Amesema ni kweli, Maame. Amefariki."

Konadu aliinamisha kichwa kidogo, kisha akaisoma habari ile kwa sauti ya upole.

Nyumbani kwa mgombea, mama yake mzazi, Nana Afrakoma, alikuwa akimenya mihogo huku redio ikisema. Alianguka pale pale, asiinuke tena. Jioni Banahene aliletwa, mkono umefungwa plasta, akakuta wanawake wanalia. Alidhani wanamlilia yeye, mpaka alipoelekezwa chumbani alikolazwa maiti ya mama yake.

Wafuasi wake walikizingira kituo, wakimwita Konadu kibaraka aliyenunuliwa. Hakumtaja mtoto. Alikiri hewani kwamba amesoma uongo, na kwamba hatasoma habari tena. Serwaa aliposikia hayo, alipita mlango wa nyuma, akaenda mpaka kwa Opanyin, akapiga magoti na kueleza yote. Mzee alimwinua. Kisha akachukua fimbo yake, akaenda kuwatawanya wafuasi kabla hawajavunja mlango.

Siku ya mazishi, Serwaa alimwuliza Opanyin kama kusema kweli kulifaa kitu.

"Kulimfaa mama yako, hakupigwa," Opanyin alijibu. "Nana hakukumfaa. Mama yako alikosea kumpa mtoto kazi ya mtu mzima, naye amekubali kosa lake. Lako ni kwamba uliona tabu kutembea, ukaona rahisi kusema. Anayechelewa na habari ya kweli huomba radhi akasamehewa, mwanangu. Aliyewahi na ya uongo, amwombe radhi nani, na aliyemkosea yumo kaburini?"

 Mzee akamwonyesha walipokaa wanawake waliokuwa wakimlilia Nana, akamwambia aende akakae nao.