Maombi Waliyoyaitikia

Mvua ilikuwa imeshaanza kunukia pale fundi alipoacha cherehani yake na kutoka uani kuanua mashuka ya mama yake. Siku hizi mama alitoka jasho mpaka godoro linalowa. Akina mama wa maombi kutoka kanisani walikuwa wameahidi kufika kabla ya giza, na fundi hakutaka waone aibu ile kambani.

Akavuta shuka la mwisho.

Nyuma yake alisimama mwanamke.

"Bwana asifiwe."

"Amina," fundi akajibu. "Umenishtua, mama! Karibu. Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja."

Alinukia nguo iliyofungiwa sandukuni muda mrefu. Fundi alimtazama gauni kabla ya uso, kama walivyo watu wa kazi yake. Macho yakatafuta mshono wa begani. Haukuwepo. Yakatafuta wa ubavuni...

Haukuwepo.

Ni hili giza, akajiambia, akamwingiza ndani.

Mama alikuwa ameegemezwa kwenye mito, kifua kikipiga filimbi. Daktari alikuwa amewaambia wampumzishe nyumbani, na wote walijua maana yake. Kando ya kitanda aliketi wifi yake fundi, mke wa kaka, akimpepea mkwewe. Mimba ilikuwa imemkomaa mpaka akiketi ilimfika mapajani.

"Wifi, leo usinipigie miayo kwenye maombi," mke wa kaka akamnong'oneza fundi.

"Na wewe huyo wako mwambie apunguze mateke, atatuvurugia ibada."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka kulia. Wakafumba macho.

Maombi yao yalikuwa na mwendo wake. Anayeongoza anatoa ombi, wengine wanaitikia amina, anatoa jingine. Ukishazoea, mdomo unaitikia wenyewe kabla sikio halijafika.

"Umtazame mgonjwa huyu," mgeni akaanza.

"Amina."

"Umrudishie pumzi."

"Amina!"

"Umwinue leo hii."

"Amina!"

Fundi aliitikia huku machozi yakimtiririka. Sauti ya mgeni ikashuka, ikawa mnong'ono wa haraka haraka, na wao wakazidi kupaza amina zao juu yake... amina... amina...

Kisha kimya.

Fundi akangoja asikie "kwa jina la Yesu". Hakulisikia. Akafumbua macho. Mgeni hakuwepo, na mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo kwa ndani.

Filimbi ya kifuani mwa mama ilikuwa imenyamaza.

"Nina njaa," mama akasema, akashusha miguu chini.

Wifi akapiga vigelegele. Fundi, akilia na kucheka kwa pamoja, akampigia simu kiongozi wa akina mama wa maombi ampe habari.

"Tusamehe, mwanangu," simu ikasema kabla hajafungua mdomo. "Mvua imetukamata. Hatujatoka hata kanisani."

"Lakini mmemtanguliza mmoja wenu."

"Sisi? Tuko wote hapa."

Sauti ya simu ilikuwa kubwa. Wote watatu waliisikia. Wifi akaweka kiganja ubavuni mwa tumbo. Akakihamisha. Akabonyeza.

"Hachezi," akanong'ona.

"Amelala tu."

"Wifi, saa hizi huwa halali. Hachezi!"

Fundi akamgeukia. "Yule mama... mwishoni alisema nini?"

Wifi akatikisa kichwa. Aliyejibu ni mama, polepole.

"Mimi sikuwa na nguvu ya kuitikia, nikawa nasikiliza tu. Nilidhani ni homa inanidanganya. Alisema, 'Na badala yake tunakupa huyu ambaye hajazaliwa.'" Akawatazama. "Mkaitikia. Nyote wawili."

"Twende hospitali," fundi akasema. "Sasa hivi."

"Tutakwenda," mama akasema. "Kwanza tuombe."

Fundi alijaribu. Maombi yote mazuri aliyoyajua, yenye zaburi ndani yake, yalikuwa yamemtoka. Kilichobaki ni, "Bwana... Bwana... Bwana..."

Mama ndiye aliyepiga magoti. Akamshika mkwewe tumbo.

"Bwana Yesu, hawa watoto hawakujua walichokiitikia. Pumzi hii sikupewa na wewe. Iondoe. Umwache mjukuu wangu aje. Kwa jina lako."

Akangoja.

Ilibaki amina. Fundi akamtazama mama yake, uso umerudi kuwa uso wake wa zamani, na mdomo ukakataa kufunguka. Kuitikia ni kumzika mama. Kunyamaza ni kumzika mtoto. Wifi alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakipenya katikati ya vidole.

Mvua ikaanza kupiga bati.

"Amina."

Ilitoka nje ya dirisha. Taratibu. Kwa adabu.

Sauti ile wote waliijua.

Wifi akaguta, akajishika tumbo. "Amecheza! Wifi, amecheza!" Kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu pale sakafuni kifua cha mama kilikuwa kimeanza tena kupiga filimbi.

Fundi akamkumbatia mama yake palepale chini. Akaomba. Maneno hayakuwa na mpangilio, lakini sasa yalikuja: amponye mama, amlinde mtoto, asimsikilize yule aliyeko nje. Aliomba macho wazi, akilitazama pazia. Wifi aliposema gari aliloliita kwa simu liwapeleke hospitali limefika, fundi aliinuka akiwa bado anaomba, akamnyanyua mama akiwa bado anaomba.

Aliogopa kumaliza. Akimaliza, mtu angeitikia.