Dungu Lililohamia Kidatu

Fidelis alikutwa alfajiri, kifudifudi ndani ya mpunga, hatua tatu kutoka dungu lake la kulindia shamba, mundu bado mkononi. Nyayo za tembo zilipita juu yake na kuendelea.

Inspekta Getrude alifika Sanje saa mbili asubuhi. Ripoti ya mtaalamu wa mtandao ilikuwa imeshamtangulia kwenye simu yake, kurasa nne zenye nembo. Marehemu hajafunikwa vizuri, na tayari kuna mtu ameshamaliza kujitetea. Getrude aliwachukia watu wa namna hiyo.

Ripoti ilisema mfumo wa kengele za tembo haukuwa na hitilafu. Kamera za ukingo wa msitu hutuma picha kwenye kompyuta iliyofungwa chini ya mnara wa simu wa Sanje. Kompyuta ikiona tembo, hupiga kengele papo hapo kwenye simu za wakulima, bila kuzunguka hadi Dar es Salaam. Kila simu ina kikao chake humo, yaani nafasi inayoiunganisha na kengele. Mwenye simu akihama, kikao humfuata kwenye mnara ulio karibu naye. Na Fidelis, eti, alihama. Saa kumi na moja na dakika tano jioni kikao chake kilikwenda Kidatu. Hitimisho: aliacha lindo, pengine kwa ulevi, akarudi baadaye.

"Mume wangu hanywi," alisema Yosefina, mjane wake. "Misa ya mazishi ni kesho, afande, na kijiji kizima kimeshaambiwa alikuwa mlevi. Ndiyo tumzike na hilo?"

"Simu yake iko wapi, mama?"

"Pale juu."

Getrude alipanda. Simu ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye nguzo ya dungu, chini ya kipande cha sola, chaji imejaa. Waya ulikuwa umeshika kutu.

"Mliifunga lini?"

"Tangu tupande mpunga. Tunalinda kwa zamu, mimi na yeye. Hii simu ni ya dungu, haiendi popote."

Mchana ule Bryson, mwandishi wa ripoti, aliitwa kituo cha polisi Ifakara. Alikuwa mmoja wa wale wanaovaa kitambulisho cha kazi shingoni hata wakienda kununua chapati.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umewahi kupanda dungu?"

"Sina haja. Kila kitu nakiona kwenye skrini."

"Ukamwona Fidelis anakwenda Kidatu."

"Mtumiaji alihama. Mfumo hauongopi."

"Na simu yake?"

Bryson alitabasamu, lile tabasamu ambalo wasomi uchwara huwawekea askari. "Afande, watu hutembea na simu zao."

Getrude aliweka picha mezani. "Hii ina waya, na waya una kutu. Nieleze dungu lilipanda basi gani."

Tabasamu likakauka. "Labda mawimbi yalisumbua..."

"Madungu tisa ya jirani hayakuhama. Hiki kikao kimoja kilihamishwa kwa mkono, na nywila iliyotumika ni yako. Ofisi yako imeshanithibitishia."

Bryson aliinama. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kitambulisho.

"Kompyuta ya Sanje ilikuwa imejaa," alisema. "Wakubwa walikuja kutazama picha za droni, zikawa zinakwama. Nilihitaji nafasi moja tu, dakika arobaini. Mfumo unadai sababu, nikachagua kwamba mtumiaji amehama."

"Kompyuta ya Kidatu ingemwonya?"

"Hapana. Inatazama kamera za kule tu. Tembo wa Sanje haiwaoni."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Wakubwa walikuagiza?"

"Hata hawakujua. Umeneja wa kanda uko wazi, afande. Nilitaka waondoke wamefurahi."

"Kwa hiyo tembo wamepita ndani ya dakika hizo, na mtu anavuna mpunga akiamini kengele italia. Kwa nini yeye?"

"Orodha inaonyesha nani hupiga simu kulalamika. Namba ile haikuwahi kulalamika hata siku moja."

Getrude alitafuta tusi, akaona hakuna linalomfaa. Alimwita Yosefina kutoka kwenye benchi la nje alikokuwa akingoja, kisha akamsukumia Bryson karatasi.

"Utashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na kwa ripoti ya uongo. Hayo yana siku yake. Sasa andika kwa mkono wako kwamba marehemu hakulewa wala hakuacha lindo. Itasomwa kanisani kesho."

Bryson alishika kalamu. Aliandika "Marehemu Fidelis", akasita, akainua macho.

"Fidelis nani?"

Yosefina akamtajia jina, kisha akasimama palepale mezani mpaka alipoliandika sawasawa.