Boti Iliyopiga Chafya

Mvua ya Boito, nchi ya chai ya Wakipsigis, huja alasiri, ikamaliza kazi yake, ikaenda zake kama karani wa serikali. Jioni ile ya mwaka wa sabini na moja ilikuwa imeshaondoka na kuacha matope, na katika matope hayo alikuwa akiteremka Ombati, mwanamume wa miaka hamsini na nne, kofia kichwani, viatu mkononi, akienda kukagua boti.

Ndiyo, boti. Huko kwenye michai, ambako maji mengi kabisa mtu anayoyaona ni yale ya sufuria.

Ombati hakuwa mjinga, ingawa yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kukuambia kwamba ushahidi ni haba. Alikuwa ametia makaa kwenye meli za ziwani, akapika kwenye meli za baharini hadi Bombay na Cardiff, na kutoka kote huko, alipenda kusema, alirudi na kitu kimoja tu cha kudumu: mgongo mbovu. Sasa mkewe, Nyatichi, alikuwa amekufa mwaka mmoja na miezi mitatu iliyopita. Nyumba yake kule Kisii ilijaa dada na shangazi waliokuja kumliwaza wakasahau kurudi kwao. Kila jioni walimtajia mwanamke wa kuoa. Kila usiku yeye alilala upande wake uleule wa kitanda, ule mwingine akauacha wazi.

Basi akaamua. Atanunua boti kuukuu yenye chumba, aiweke ziwani karibu na Homa Bay, aishi humo peke yake mpaka Mungu amkumbuke. Na mtu anayetaka kuishi peke yake majini huchagua boti kwa macho makali kuliko anayechagua mke. Kitanda kiwe cha kunyoosha miguu. Jikoni mtu asimame wima bila kupigwa kichwa na dari. Na kutoka kwenye usukani hadi kwenye kamba ya mbele ziwe hatua tano, zisizidi, maana upepo haungoji mzee. Boti aliyoiona Kisumu ilivuja kama kikapu. Ile ya Kendu Bay usukani wake ulikuwa chini kabisa; ili uone mbele, ilibidi uwe na mtu huko juu wa kukupigia kelele.

"Hiyo ni ndoa," Ombati alimwambia mwenye boti, akaondoka.

Hii ya tatu ilijengwa na mzungu mmoja, fundi mkuu wa kiwanda cha chai. Aliiunda kwa mikono yake, akaishusha kwenye bwawa la shamba, akaishi humo miaka sita kwa kuwa hakupenda majirani. Kisha akapanda ndege akarudi kwao, boti akamwachia fundi wake, Kipkemoi, aitunze na aiuze.

Kipkemoi alikuwa amesimama kwenye gati, yaani mbao chache zilizotokeza majini. Mwanamume wa miaka arobaini hivi, mwembamba, macho mekundu kama ya mtu anayelala kwa zamu.

"Chamgei, boiyot. Karibu, mzee."

"Chamgei mising," Ombati akajibu. "Na hapo Kikipsigis changu kimeisha, fundi. Tuendelee na Kiswahili."

Kipkemoi alijaribu kucheka. Hakikutoka kitu.

Boti ilikuwa nyeupe, imeoga mvua, imekaa ndani ya lile bwawa dogo kama ng'ombe ndani ya karai. Ombati alipanda. Alibonyeza mbao kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, ngumu. Alifunua sakafu akanusa tumbo la boti, kavu. Akaenda kutoka usukani hadi kamba ya mbele akihesabu kwa sauti. Hatua nne! "Ombati, umepata," akajiambia. Jikoni alisimama wima, kofia na yote. Kulikuwa na stovu ya mafuta ya taa, vikombe viwili kwenye misumari, dirisha dogo linaloangalia maji.

Akajilaza kitandani, akanyoosha miguu. Mgongo wake ukashukuru kwa lugha zote.

Kisha akageuka, mkono ukaangukia mto wa pili.

Mto ulikuwa umebonyea katikati.

Ulikuwa na joto.

"Fundi!" aliita kupitia dirishani. "Kumbe unalala huku? Si ungesema, nisingekuharibia kitanda."

"Mimi?" Kipkemoi alijibu kutoka nje. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi siingii humo, mzee."

Ombati alitoka akijifuta mkono kwenye suruali. Boti imepigwa jua asubuhi, alijiambia. Mto hushika joto. Mtu akiishi na shangazi wanne, hujifunza kujieleza mambo upesi.

"Tuisikie injini," alisema.

Injini yenyewe ilikuwa ya lori la petroli. Ombati alibonyeza stata. Ikakohoa, ikanyamaza. Tena. Tena. Kipkemoi akapiga magoti pale gatini, akainamia ubavu wa boti, akanong'ona:

"Jonah."

Injini ikapiga chafya.

Moja tu, kubwa, ya kutoa moshi mweupe. Kisha ikanguruma vizuri.

"Jonah ni nani?" Ombati aliuliza akicheka. "Na mimi nataka fundi wa kuitwa hivyo."

Kipkemoi aliinuka akajipangusa magoti. "Nyinyi Wakisii hamfanyi hivi. Kwetu mtoto akizaliwa, kina mama wanamzunguka, wanaita majina ya wazee waliokufa. Moja baada ya lingine. Mtoto akipiga chafya, hilo ndilo jina. Huyo mzee amerudi kwa huyo mtoto. Tumeokoka, lakini hilo bado tunafanya."

"Ehe."

"Mzungu alipoenda, injini ilikataa mwezi mzima. Siku moja nilikuwa nimekunywa. Nikasema, leo nitakupa jina kama mtoto. Nikaita babu. Nikaita mjomba. Nikaita Jonah, ndugu yangu mkubwa. Radi ilimuua akichuma chai." Aligusa ubavu wa boti. "Ikapiga chafya."

Ombati alitaka kusema jambo la kuchekesha. Alikuwa nayo matatu tayari. Lakini aliyatazama yale macho mekundu, akameza utani wake.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema. "Sasa mbona unaiuza?"

"Nyumbani kwangu ni hapo juu tu. Miezi minne sijalala huko. Nakaa hapa gatini, naongea na yeye." Akaitazama boti, akatazama chini. "Mtu akiichukua aende nayo mbali, labda nitalala."

Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya michai. Ombati alijua kwamba boti haijulikani gatini. Mtu hujua boti akiwa peke yake katikati ya maji. Akafungua kamba. "Mzunguko mmoja," alisema. "Nikizama, waambie shangazi zangu nilioa samaki."

Boti ilitii kama mbuzi wa nyumbani. Ukigusa usukani inaelewa. Ombati alianza kuimba kidogo. Aliona kabisa maisha yake: asubuhi chai, mchana samaki wawili, jioni redio, na hakuna mtu wa kumtajia mwanamke. "Hii ndiyo, Ombati!" akajiambia kwa sauti. Hii ndiyo yenyewe.

Ukungu ukashuka kutoka kwenye michai.

Hauna haraka, ukungu wa kule. Uliteremka mistari ya chai mmoja mmoja, ukaingia majini, ukafuta gati, ukafuta Kipkemoi. Na boti ilipofika katikati... injini ikazima.

Kimya.

Tone... tone... maji yakidondoka kutoka darini.

Ombati alibonyeza stata. Hakuna hata kikohozi.

"Jonah," aliita, akijionea haya.

Hakuna.

Mtu mwingine angenyamaza. Ombati, akiogopa, mdomo wake hupata kazi ya ziada. "Haya basi, tuite wengine! Babu Omwenga, uliyekuwa na wake watano, toka huko!" Hakuna. "Nahodha wa Cardiff, mlevi wewe!" Hakuna. Alicheka, na kicheko kikamrudia kutoka kwenye ukungu kikiwa kimepoa. Mkono wake haukuwa tena kwenye stata. Na mdomo, bila kuombwa, ukatoa jina ambalo haukuwa umelitamka tangu siku ya mazishi.

"Nyatichi."

Injini ikapiga chafya.

Ikanguruma. Pole pole, kama mtu anayevuta pumzi baada ya muda mrefu.

Ombati alishika usukani kwa mikono miwili. Usukani ulikuwa ukigeuka wenyewe. Huko mbele, hatua nne tu kutoka aliposimama, kamba iliyolowa ilianza kusogea juu ya mbao... shwaa... shwaa... ikajikunja duara juu ya duara, nadhifu, kama inavyokunjwa na mtu mwenye subira.

Kisha harufu ikaja. Sabuni ya mche na unga wa wimbi uliokaangwa.

Hiyo ilikuwa harufu ya shingo ya mkewe.

Ndani, kiberiti kikawashwa. Stovu ikapigwa pampu, taratibu. Kikombe kikagusa kikombe.

"Ombati," sauti ikanong'ona. "Njoo ndani. Baridi."

Ilikuwa sauti yake. Mungu ni shahidi, ilikuwa yake, hata ule mkwaruzo wa asubuhi. Machozi yalimtoka Ombati bila kubisha hodi. Aliachilia usukani, akashuka ngazi ya kwanza. Akaona mwanga wa stovu, bluu. Akaona kitanda. Blanketi lilikuwa limefunuliwa upande mmoja.

Upande wake yeye, ule aliolala miaka yote.

"Ombati. Njoo."

Mguu ulikuwa umeshaelekea ngazi ya pili alipoganda.

Ombati?

Miaka thelathini ya ndoa, na Nyatichi hakuwahi hata mara moja kuliweka jina la mumewe mdomoni. Mwanamke aliyelelewa vizuri hafanyi hivyo. Hata siku ile nyoka alipomnyemelea shambani, alipiga kelele akitumia jina la mtoto wao wa kwanza, na nyoka akangoja mpaka amalize. Aliyekuwa akisema "Ombati, Ombati" jioni hiyo yote alikuwa yeye mwenyewe Ombati, akijisemea na kujicheka humo botini tangu alipopanda.

Na kitu kilikuwa kimemsikiliza.

"Wewe si Nyatichi!" alipayuka, akirudi nyuma. "Nyatichi hakuniita jina! Aliniita Baba Mellen! Siku zote, Baba Mellen!"

Ndani, stovu ikazima.

Hapakuwa na jibu. Kulikuwa na kimya tu, kimya cha namna ya mtu anayetia jambo akilini asije akalisahau.

Ombati hakungoja. Aliruka.

Maji ya bwawa la milimani hayasamehe. Yalimbana kifua, yakamvua kofia, yakamwingia masikioni, na kati ya pigo moja la mkono na lingine alisikia injini ikija nyuma yake. Haikuwa na haraka. Ilimpita kwa umbali wa mkono, polepole, kama jirani anayekupita njiani, ikatokomea kuelekea gatini.

Kipkemoi alimvuta kutoka kwenye matete, akamkokota hadi kwenye majani, akamfunika koti lake. Nyuma yao, ndani ya ukungu, boti ilijiegesha. Haikugonga ubao hata mmoja. Wakasikia kamba ikizungushwa kwenye nguzo. Hakuna nahodha ambaye Ombati aliwahi kumpikia angeweza kuegesha hivyo.

"Umeita nani?" Kipkemoi alinong'ona.

"Mke wangu." Meno yake yaligongana. "Si yeye. Sikiliza, fundi, si yeye, na huyo wako si Jonah. Hilo lililomo linaitikia tu. Limeniita jina ambalo mke wangu hakuniita kamwe."

Kipkemoi alikaa chini kwenye matope.

"Mama alikuja hapa mara moja," alisema. "Akasikiliza. Akaniambia, mtoto huitikia jina moja tu. Kinachoitikia jina lolote linaloliliwa, hicho hakijazaliwa bado. Kinatafuta mahali pa kuzaliwa." Akajifuta uso. "Nikamfukuza. Mama yangu mzazi."

"Ondoka hapa, ndugu yangu. Twende sote. Sasa hivi."

"Na mimi mwanzoni liliniita Kipkemoi. Nikajua. Jonah hakuniita hivyo, aliniita weri, kijana, hata nilipokuwa na ndevu. Lakini nilikuwa nimemkosa sana, mzee. Nikaliambia." Sauti yake ilikatika. "Nikaliambia, useme weri. Kesho yake likasema."

Ombati alimgeukia.

"Kwani wewe..." Kipkemoi alimshika mkono ghafla, kwa nguvu. "Wewe hukuliambia, sivyo? Vile mkeo alivyokuwa akikuita. Hukusema?"

Ombati alijiziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba maneno yale bado yangeweza kurudishwa.

Ukungu ulikuwa umewafunika kabisa. Harufu ya unga wa wimbi ikapanda kutoka majini, laini, ya jikoni, ya nyumbani. Ikaja na sauti, na safari hii haikunong'ona kama mgeni. Ilisema kama mtu aliyechoka kidogo, anayemwita mumewe aje kula, kama alivyomwita jioni elfu kumi.

"Baba Mellen... mbona unakaa kwenye baridi?"

"Usiitikie," Kipkemoi alisema.

Ombati alitaka kumjibu kwamba hana nia kabisa ya kuitikia, kwamba yeye ametembea dunia na si mtu wa kudanganywa na injini ya lori. Lakini sauti ya Kipkemoi ilitoka mbali. Ilitoka nyuma yake, huko kwenye majani, ikilia sasa, ikimwita arudi.

Akatazama chini.

Miguu yake haikuwa kwenye matope tena.

Ilikuwa kwenye mbao za gati.