Ukuta wa Theluji wa Kerttu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pihla alileta kuni. Alivaa soksi za sufu mbili mbili, akajifunga skafu mpaka puani, akakimbia bandani na kurudi na mzigo kifuani. Alipoingia jikoni, moto ulikuwa umeshawaka, uji wa shayiri unatokota, na Bibi amesimama na mwiko wake akitoa sifa za asubuhi. Tangu Pihla apate akili, sifa hizo zilikuwa zake. Mwaka ule zilikuwa zimehama.

"Mwoneni Kerttu," Bibi alikuwa akisema. "Ameshafagia, ameshaosha vikombe. Mtoto huyu sijui hulala saa ngapi."

Kerttu alikuwa binamu yake Pihla, amemzidi mwaka mmoja. Mama yake, shangazi Helvi, alipata kazi ya uuguzi mjini Oulu, zamu za usiku na mchana, akaona bora binti yake akae kijijini Hietavaara na bibi yake na mjomba wake Tauno, baba yake Pihla, mpaka theluji iyeyuke. Pihla alimsubiri mgeni huyo kwa furaha kubwa. Furaha hiyo ilidumu kama wiki moja hivi.

Tatizo la Kerttu ni kwamba alijua kila kitu. Alipasua kuni kama anakata siagi. Alipofuma soksi, kisigino kilikaa mahali pa kisigino. Za Pihla, kisigino kilikaa popote kilipopenda. Kerttu akisimulia jambo mezani, Baba aliacha kijiko hewani. Hata paka, ambaye kwa miaka yote alilala kitandani kwa Pihla, sasa alilala miguuni kwa Kerttu. Paka yule hakumwomba mtu radhi.

Lakini kilichomchoma Pihla kuliko paka kilikuwa ukuta.

Theluji ya kwanza nzito ikianguka Hietavaara, watu huchukua masepetu na kuisukumia kwenye msingi wa nyumba, pande zote nne, ipande mpaka karibu na mbao. Theluji hiyo ndiyo blanketi la nyumba. Inazuia upepo usiingie chini ya sakafu, mahali bomba la maji linapopita. Matundu ya hewa ya msingi huzibwa kwanza kwa magunia, kisha theluji juu yake. Miaka miwili mfululizo kazi hiyo ilikuwa ya Pihla. Mwaka ule Bibi alimpa Kerttu sepetu.

Kerttu alijenga ukuta ulionyooka kama umepimwa kwa kamba, akaupigapiga kwa mgongo wa sepetu mpaka ukang'aa. Mzee Eino, jirani yao, alisimama barabarani na kofia yake ya manyoya, akautazama kwa muda mrefu.

"Tauno," alimwita baba yake Pihla, "umeleta mafundi kutoka nje ya nchi?"

"Mpwa wangu huyo, mzee."

"Basi ukimchoka niletee mimi. Wa mwaka jana ulikaa kama ng'ombe amelala."

Watu wakacheka. Wa mwaka jana ulikuwa wa Pihla. Naye alicheka, kwa sababu alikuwa amesimama palepale.

Katikati ya majira ya baridi ilikuja siku moja ya vuguvugu. Theluji, ambayo kwa kawaida ilikuwa kavu kama unga, ikawa laini na ya kushikana. Watoto wa kijiji huisubiri siku kama hiyo ili kujenga taa za theluji: unafinyanga madonge, unayapanga duara juu ya duara mpaka yafungane kileleni, kisha ndani unaweka mshumaa. Kerttu alikuwa amekwenda dukani na Bibi. Pihla alikuwa peke yake uani.

Uani palikuwa na theluji ya kutosha kujenga taa mia moja. Pihla aliipita yote. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya kaskazini, akatia mikono katika ukuta wa Kerttu, akaanza kuchota. Alifinyanga donge, akafinyanga jingine. Kila alipochota alijisikia vizuri kidogo. Kona ilibaki mawe matupu, na gunia lililoziba tundu la hewa likateleza, likaanguka chini.

Pihla aliliona. Alilitazama gunia lile, akalisukuma kando kwa ncha ya kiatu. "Kazi ya fundi kutoka nje ya nchi," alisema kimoyomoyo, akaenda kujenga taa yake.

Jioni ile taa iliwaka mbele ya mlango, na Bibi akashika mashavu akasema, "Nani kanijengea hii?" Kwa jioni moja, sifa zilirudi nyumbani kwao. Pihla alilala ameshiba.

Siku iliyofuata anga likawa jeupe na baridi ikashuka. Haikuja taratibu, ilishuka kama mtu aliyeteleza darini. Kufikia wakati wa kulala kipimajoto cha dirishani kilionyesha nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri. Mzee Eino alidai baadaye kwamba alipiga chafya njiani akaisikia ikianguka na kuvunjika. Hakuna aliyembishia, maana kila mtu alikuwa amefunga mdomo usimgande.

"Kerttu," Baba alisema, "usiku huu bomba la jikoni lisifungwe. Acha uzi mwembamba wa maji utiririke mpaka asubuhi. Maji yanayotembea hayagandi upesi."

"Nimeelewa, mjomba."

Hata hiyo kazi kapewa yeye, Pihla aliwaza, akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Asubuhi uji haukutokota. Bibi alikuwa amesimama na sufuria tupu, na Kerttu alikuwa kwenye sinki akizungusha bomba huku na huku. Halikutoa hata tone. Lilikohoa mara moja kama mzee aliyeamshwa vibaya, likanyamaza.

"Uliliacha wazi?" Baba aliuliza.

"Niliacha, mjomba."

"Una hakika? Labda baadaye ulisikia kelele ukalifunga."

"Niliacha uzi wa maji. Naapa."

Baba hakumkaripia, lakini hakusema kwamba anamwamini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu wa maneno machache wakinyamaza, huumiza kuliko wapiga kelele. Aliingia kwenye uvungu wa sinki na kikausha nywele cha Bibi, akaanza kulipulizia bomba joto. Baadaye, alipokuwa akiongea na dada yake Helvi kwenye simu, wote walisikia alichosema: "Bomba limeganda. Nadhani Kerttu alisahau. Hapana, simlaumu, ni mtoto."

Uso wa Kerttu ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alivaa koti, akachukua ndoo mbili na kijigari cha kuburuza juu ya theluji.

"Unakwenda wapi?" Bibi aliuliza.

"Ziwani. Kwenye tundu la kuchotea maji katika barafu. Kama ni mimi niliyekata maji, ni mimi nitakayeyaleta."

Pihla alimtazama kupitia dirishani akiinama dhidi ya upepo. Kooni alikuwa na neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa tayari kutoka. Akalimeza. Akajiambia kwamba hana uhakika. Akajiambia kwamba baridi ni baridi, ingegandisha tu. Na chini ya hayo yote kulikuwa na sauti ndogo iliyosema: wacha naye aonje.

Kerttu alirudi na ndoo zina ngozi ya barafu juu, na shavu moja lina doa jeupe lililoumwa na baridi. Bibi aliacha kila kitu. Alimkalisha kwenye kiti kilichokuwa karibu na jiko, akaliweka shavu lile katika kiganja chake cha joto, akaanza kumwimbia polepole, wimbo wa kitoto ambao Pihla hakuwa ameusikia tangu aache kunyonya kidole.

Ajabu ya moyo wa binadamu. Pihla ndiye aliyesababisha shavu lile liume, na bado alilionea wivu. Alitamani baridi ingemuuma yeye.

"Bibi," Kerttu alisema chinichini, "mwambie mjomba anipeleke kwenye basi kesho. Nirudi kwa mama."

"Acha upuuzi, mjukuu wangu."

"Siyo upuuzi. Nyumba hii ilikuwa na maji kabla sijaja."

Hivi ndivyo Pihla alivyokuwa ameomba kila usiku: basi, sanduku, na kiti kitupu kando ya jiko. Sasa vilikuwa mbele yake, na havikuwa na ladha yoyote.

Wakati huohuo Baba alitoka uvunguni mwa sinki, jasho linamtoka katika nyumba ya baridi. Kikausha nywele hakikufua dafu. Alikwenda ghalani akarudi na kichomeo cha gesi, kile cha kuyeyushia lami ya paa.

"Barafu itakuwa ndani ya ukuta," alisema. "Nitatoboa ubao mmoja nichome kidogo."

Bibi alisimama. "Tauno, ukuta huo umejaa maranda ya mbao. Marehemu baba yako aliyajaza kwa mikono yake. Yamekauka miaka hamsini. Ukichomeka moto humo, jioni tutakuwa tunaota moto wa nyumba yetu wenyewe."

"Sasa nifanyeje, Mama? Kama Kerttu alilifunga bomba, barafu imeanzia hapahapa kwenye sinki. Hakuna pengine."

Alipiga kiberiti. Mwali wa buluu ukanguruma.

"Pengine papo," Pihla alisema.

Sauti ilikuwa ndogo, mwali ukaimeza. Akarudia kwa nguvu: "Baba, zima. Siyo sinki. Ni kona ya kaskazini. Nilichota theluji ya pale nikajengea taa. Gunia lilianguka, nikaliona, nikaliacha. Kerttu hakufunga kitu."

Baba alizima moto. Kerttu alimgeukia Pihla, shavu lake moja jekundu na jingine jeupe.

"Uani kote kule," alisema, "ukaona theluji ya ukuta wangu tu?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa umenyooka," Pihla akasema, akaanza kulia.

Baba hakupoteza wakati. Alitaka kushuka papo hapo na kikausha nywele, lakini Bibi akamshika mkono. "Funga kwanza koki kuu ya nje. Barafu ikiwa imelipasua bomba, hutaliona mpaka iyeyuke, na hapo utakuwa unaogelea." Koki ikafungwa. Baba akafungua mlango wa sakafuni, akatambaa kizani kwa tumbo. Pihla akamfuata na taa bila kuitwa, na nyuma yake akamsikia Kerttu akishuka na waya wa umeme.

Pale kwenye kona upepo ulikuwa ukiingia kwa mluzi. Bomba lilikuwa limevaa koti la barafu, na ubavuni lilikuwa limepasuka mpasuko wa urefu wa kidole. Barafu ilikuwa imechungulia nje ya mpasuko huo kama ulimi wa mtoto mtundu.

"Lau ningeliyeyusha koki ikiwa wazi," Baba alisema, "chini ya sakafu hapa pangekuwa ziwa. Na kesho asubuhi ziwa hilo lingekuwa jiwe."

Kazi iliwachukua mchana wote. Kwanza Baba aliziba tundu la hewa. Walifungua bomba la jikoni ili maji yapate pa kutokea, kisha wakapuliza joto wakianzia upande wa jikoni na kurudi nyuma kidogo kidogo, bila haraka. Kerttu alishika kikausha nywele, Pihla akashika taa, na mkono wa mmoja ukichoka walibadilishana. Baba alikata kipande kilichopasuka, akaunganisha kipya alichopewa na Mzee Eino, akakizungushia blanketi kuukuu la sufu. Koki ilipofunguliwa, bomba la jikoni lilipiga chafya mbili, likatema kutu, halafu likatoa maji safi. Bibi alijaza sufuria kama mtu anayepokea mgeni.

Wakiwa wamekaa kunywa kahawa na watoto maziwa ya moto, Pihla alisubiri karipio. Bibi alichelewa kulitoa. Alikata mkate mweusi kwanza, akapaka siagi kote kote.

"Pihla," alisema, "ulidhani nikimsifu Kerttu, nimechukua kwako nikampa yeye."

Pihla alitazama meza.

"Sifa siyo siagi hii, kwamba nikimpakia huyu, yule anakula mkavu. Nami nina kosa langu. Mtoto aliyeleta kuni kila asubuhi sikumwambia neno. Hilo nitalirekebisha. Lakini wewe, wivu ulipokushika, ungekuja kuniambia, 'Bibi, ninaumia.' Ningekusikia. Badala yake uliupa mikono, na mikono yake ilifungua tundu chini ya miguu yetu sote, yako ikiwemo. Kisha ukanyamaza, mwenzio akaumwa na baridi kwa kosa lisilo lake. Kuona wivu si dhambi kubwa, kila mtu huuona. Kuutii ndiko kubaya, na kuuficha kwa gharama ya mwingine ndiko kubaya zaidi."

"Nisamehe, Bibi."

"Mimi si wa kwanza kwenye foleni."

Pihla alimgeukia Kerttu. "Nisamehe."

"Nitakusamehe shavu likipona," Kerttu alisema. "Mpaka hapo, utaniletea maziwa."

Baba akakohoa. "Kuna jambo moja limebaki. Asubuhi nilimwambia Helvi kwamba binti yake alisahau. Hilo nililisema mimi, na nitamwomba radhi mimi. Lakini ukweli wenyewe, Pihla, unao wewe."

Pihla akasimama. Simu ilikuwa ukutani karibu na mlango, na njia ya kuifikia ilionekana ndefu kuliko ya ziwani. Ilipopokelewa, alisikia nyuma ya sauti ya shangazi Helvi kishindo cha vitanda vya hospitali vikisukumwa.

"Shangazi, ni Pihla. Kerttu hakusahau bomba. Mimi ndiye niliyebomoa ukuta wake, kwa wivu, na nikanyamaza alipolaumiwa."

Kisha shangazi akasema, "Ahsante kwa kunipigia. Na yeye anasemaje? Au sasa anataka kurudi huku?"

Pihla alitazama nyuma. Kerttu alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, anajifanya hasikilizi.

"Shangazi," Pihla alisema, "mwambie asirudi. Tafadhali. Bado hajanifundisha kuweka kisigino cha soksi."