Jiwe la Asma

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya mtaa wa Bulengera, Bénite alikuwa ameshateka maji, ameshafagia uani na ameshamuuliza mama yake mara tatu kama saa ya shule imefika. Saa ilikuwa haijafika. Alikula amesimama, alisoma huku anatikisa mguu, na kwenye mtihani alikuwa wa kwanza kukabidhi karatasi, nusu ya majibu hayana kichwa wala miguu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwerevu, mwenye moyo mzuri, ila kungoja kulimuuma kama jino.

Rafiki yake Asma alikuwa kinyume chake kabisa. Asma alikuwa mtu wa kuangalia. Njiani alisimama kutazama siafu wakivuka barabara, na Bénite akamvuta mkono wee, mpaka akachoka akamwacha. Kwa hiyo Asma alichelewa mara kwa mara, na Mwalimu Stanislas alipofikia jina lake kwenye orodha, Bénite aliinamisha kichwa na kuitika "Présente" kwa sauti nyembamba. Darasa zima walifanya hivyo. Waliitikiana kwa zamu, na hakuna aliyeona kuwa ni uongo. Kwao ulikuwa urafiki tu.

Mwalimu Stanislas alikuwa amehamishiwa Butembo kutoka Kisangani, na alipenda kusema kuwa jiografia haiishi ubaoni. Muhula huo aliamua kuwapeleka wanafunzi wake ishirini na wanane kuona mawe na mapango ya kilima cha Mabwe, pembeni ya barabara ya kwenda Beni. Papa Bilali, baba yake Asma, ambaye husafirisha bidhaa kati ya miji hiyo miwili, alikubali kuwachukua kwa lori lake la Fuso. Alitoa sharti moja. Jioni askari hufunga kizuizi cha barabarani saa kumi na mbili kamili, na hawasikii maombi ya mtu, kwa hiyo saa tisa kila mtoto awe garini.

Bénite hakulala vizuri usiku ule. Kilichomkosesha usingizi si mapango. Alikuwa amesikia kwamba juu ya kilima kuna jiwe kubwa linaloitwa Ngoma, ambalo ukiligonga linalia mpaka bondeni. Alitaka kuligonga yeye kwanza, kabla ya wengine wote.

Walipofika walipokelewa na kiongozi wa wageni, Mama Vagheni, mkulima wa kahawa mwenye mabuti ya mpira na sauti ya kuamrisha. Aliwapanga wawili wawili, tochi moja kwa kila jozi, akampa kila mtoto jiwe dogo la mtoni na kipande cha chaki aandike jina lake. Kisha akawaonyesha mwamba bapa mlangoni mwa pango.

"Kila mutu na jiwe yake," alisema. "Ukiingia, unaiweka hapa. Ukitoka, unaibeba. Hapana bebea mwenzako, hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja. Miye sihesabu vichwa, kwa sababu vichwa vinatembea. Nahesabu mawe."

Aliongeza jambo la pili. Mtu akipotea ndani asitembee. Akae palepale, achukue jiwe, agonge ukuta mara tatu, apumzike, agonge tena. Na mvua ikianza kunyesha wote watoke haraka, maana kijito huingia chumba cha chini. Watoto waliitikia kwa pamoja. Bénite naye aliitikia, huku macho yake yako juu kilimani.

Pango lilikuwa na vyumba vitatu. Kusema kweli lilikuwa zuri: mawe yalining'inia darini yakidondosha maji, na mengine yaliota kutoka chini kwenda juu, mpaka mahali pengine yalikutana yakawa nguzo nene. Mwalimu alieleza jinsi tone moja linavyoacha chembe ya chokaa, na jinsi nguzo moja inavyochukua maelfu ya miaka. Asma aliduwaa. Bénite alisikia maelfu ya miaka akahisi miguu inamwasha.

Katika chumba cha chini, mvulana mmoja aitwaye Cyrille alishikwa na hofu ya giza, akaanza kulia na kukosa pumzi. Mama Vagheni alimbeba mgongoni na kutoka naye mbio, akimwomba Mwalimu awatoe wengine. Wawili wawili wakaanza kupanda. Asma alikuwa amechuchumaa nyuma ya nguzo, tochi yao mkononi, anachora kwenye daftari.

"Twende, wewe," Bénite alimwambia.

"Kidogo tu. Imebaki upande huu."

"Basi nakungojea mlangoni," alisema Bénite, akafuata tochi za wenzake.

Nje, mawingu meusi yalikuwa yameanza kujikusanya. Mama Vagheni alikuwa amekaa chini akimpepea Cyrille. Alitangaza kuwa saa imekwenda, kwa hiyo kila wawili wakishachukua mawe yao wapande moja kwa moja kwenye Ngoma, wagonge na washuke. Jozi mbili zilikuwa zimeshatangulia. Bénite alichukua jiwe lake. Akachungulia pangoni. Akakanyaga huku na huku. Jozi ya tatu ilipompita ikicheka, roho ilimruka. Alinyoosha mkono akachukua jiwe lililoandikwa Asma.

Mama Vagheni aliuliza mwenzake yuko wapi.

"Yuko nyuma yangu, anafunga viatu," Bénite alijibu, na alikuwa ameshaanza kupanda.

Alijiambia kuwa si kitu. Asma angetoka dakika ile ile. Ni kama kuitika darasani tu, nani amewahi kuumia kwa kuitikiwa?

Mwalimu Stanislas alitoka wa mwisho. Alikuwa amemulika nyuma mara mbili bila kuona mtu, kwani Asma alikuwa ameinama nyuma ya ile nguzo, nene kiasi cha kuficha hata mwanga wa tochi yake. Mama Vagheni aliutazama mwamba bapa. Haukuwa na jiwe hata moja. Akachukua miti yake mitatu, akaipitisha mlangoni, akafunga pango.

Ngoma ililia kweli. Bénite aliigonga kwa nguvu zake zote na sauti ikashuka bondeni ikarudi. Alifurahi, acha niseme ukweli, alifurahi mno. Akageuka kumwambia Asma, na Asma hayupo. Alimtafuta kwa macho kwenye kundi la chini, kisha kwenye kundi la juu. Labda alikuwa njiani. Labda alikuwa amesimama mahali anatazama wadudu, yule mtu na wadudu wake. Tone la kwanza la mvua lilimpiga puani, la pili shingoni, na ghafla mvua ikashuka yote kwa mpigo.

Watoto walikimbilia garini. Papa Bilali alisimama nyuma ya Fuso akiwapandisha mmoja mmoja chini ya turubai. Alipompandisha wa ishirini na saba, akanyoosha mikono, hapakuwa na mtu wa kupandisha.

"Asma iko wapi?" aliuliza.

Wakatazamana. Mmoja alidhani amemwona karibu na choo, mwingine alidhani kwenye migomba. Mwalimu Stanislas alipauka usoni, akasema warudi pangoni. Mama Vagheni alikataa kwa uhakika wote. Pangoni hamna mtu, alisema, mawe yote yametoka, ameyahesabu kwa macho yake. Mtoto huyo aliteleza juu kule kwenye genge, au amepotelea mashambani. Basi wakagawana: Mwalimu akapanda tena Ngoma, Mama Vagheni akaenda kuuliza kwenye nyumba za jirani, Papa Bilali akaingia kwenye mashamba ya kahawa akiita jina la binti yake.

Bénite alikaa garini, jiwe la Asma mfukoni. Alielewa yote kwa mara moja. Kilima kizima kingetafutwa, kila kichaka, kila genge. Mahali pamoja tu pasingetafutwa, na ni yeye aliyepafunga.

Aliruka chini akakimbia. Alifika pangoni amelowa chapachapa, akashika ile miti, akaita. Ndani maji yalikuwa yanavuma. Akaita tena, akazuia pumzi. Kwa mbali sana, chini, alisikia kitu kikigonga mara tatu. Kikanyamaza. Kikagonga tena mara tatu.

Alitaka kuingia. Miti ile angeweza kuipenya. Angemtoa Asma mwenyewe, wangeshuka pamoja, wangesema Asma alikuwa kwenye migomba, na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilimjia limekamilika, tamu kabisa. Lakini hakuwa na tochi wala kamba, na giza lililokuwa mbele yake lilikuwa na maji. Angeingia, wangekuwa wawili waliopotea, na bado hakuna ambaye angejua. Akaiacha miti, akarudi mbio kwenye mashamba, analia kwa sauti.

Alimkuta Papa Bilali na Mama Vagheni njiani. Kofia ya Papa Bilali ilikuwa imeanguka na hakuwa na habari nayo.

"Mawe yote imetoka," Papa Bilali alikuwa akimwambia Mama Vagheni, sauti imekauka. "Donc, basi, mutoto yangu iko wapi, Mama? Uniambie iko wapi."

Bénite alitoa lile jiwe mfukoni akawanyooshea.

"Asma hakutokaka," alisema. "Iko kwa pango. Jiwe yake ni miye niliibeba. Nilidanganya kama anafunga viatu."

Papa Bilali alimtazama, na Bénite alitamani ampige, ayamalize. Hakumpiga. Aligeuka akakimbia, na Mama Vagheni alikuwa ameshamtangulia, akipiga kelele waletewe kamba.

Waliingia wote wawili. Mwalimu Stanislas, aliyeshuka mbio kutoka Ngoma aliposikia kelele, alibaki mlangoni ameshika mwisho wa kamba, akawaagiza watoto waliokuwa wamekusanyika wanyamaze. Ikabaki sauti ya maji tu. Bénite alijaribu kuhesabu hadi mia, akapotea kwenye thelathini. Akaanza upya. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, na hapakuwa na kitu cha kufanya, hakuna pa kwenda, hakuna cha kuharakisha. Kule kugonga mara tatu hakukusikika tena, na hakujua kama ni kwa sababu Asma amepatikana au kwa sababu mkono wake umechoka.

Kamba ilivutika. Mama Vagheni alitoka kwanza, kisha Papa Bilali akiwa amembeba Asma kifuani. Alikuwa amelowa hadi kiunoni, meno yanagongana, lakini mzima. Tochi ilikuwa imezimika akiwa bado anachora. Hakutembea. Alikuwa amepapasa palepale mpaka akapata jiwe la juu, akapanda, akakaa, akagonga, huku maji yakipanda chini ya miguu yake.

Walipomshusha na kumfunika kwa koti la Mwalimu, alimtafuta Bénite kwa macho.

"Ulisema unaningojea mlangoni," alisema. "Nilikuwa nagonga nikijua uko pale."

Bénite aliomba msamaha, na neno lenyewe likaonekana dogo mno. Asma alifumba macho, akaegemeza kichwa kwa baba yake.

Mama Vagheni alikaa juu ya mwamba bapa, matope mpaka mapajani. Alisema miaka tisa amewatembeza watu humo na hajawahi kumwacha mtu. Maji hayakumtisha, maji anayajua. Kilichomtisha ni kwamba alikuwa ameapa mbele ya mzazi kuwa mtoto hayumo, na mtoto alikuwa humo. Mwalimu Stanislas alikiri naye. Orodha yake ilikuwa mfukoni siku nzima, alisema, wala hakuitoa. Na hata angeitoa, anajua jinsi wanavyoitikiana, na amekuwa akijifanya hasikii. Kuanzia Jumatatu kila mtu atasimama wakati jina lake linaitwa, ili aonekane uso. Hakuna aliyenung'unika.

Walipita kizuizi dakika chache kabla hakijafungwa. Hakuna aliyeimba garini. Butembo ilikuwa imewasha taa zake chache, na Papa Bilali alisimamisha gari mbele ya nyumba yake kwanza. Mama Hawa, mama yake Asma, alikuwa barazani anangoja. Alipomwona binti yake kwenye koti la mtu mwingine, alisimama wima.

Papa Bilali alishuka. Alimtazama mkewe, kisha akamtazama Bénite juu ya gari, akanyamaza. Bénite akaelewa kuwa hatamsemea, wala hatamshitaki. Angeweza kubaki palepale chini ya turubai hadi kwao. Akashuka, akaenda mpaka mbele ya Mama Hawa, akamwambia yote: jiwe, viatu, Ngoma, na jinsi walivyotafuta kwingine kwa sababu yake. Hakuruka kitu.

Mama Hawa alimsikiliza huku ameushika mkono wa Asma.

"Nimekasirika, na kesho nitakasirika tena," alisema mwishowe. "Sitakudanganya. Uongo wako ndiyo ulimufungia mutoto yangu mule ndani, na ni mudomo wako huo huo ulimutoa. Watu wengi wangenyamaza mpaka maji ifike. Ukiona haraka inakusukuma kusema kitu yenye si kweli, ukumbuke leo, usimame. Umenisikia?"

"Ndiyo, Mama."

Mama Hawa alimpangusa maji usoni kwa ncha ya kitenge chake, bila upole mwingi. Kisha akamwambia aingie ndani aote moto pamoja na mwenzake, kwani naye alikuwa amelowa na anatetemeka.