Paja la Nassibu

Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, saa mbili na nusu asubuhi, chumba cha altrasaundi katika zahanati moja ya Mbagala kilinuka moshi wa mkaa. Hakuna aliyekuwa anapika.

Nassibu, mpimaji, alijipaka jeli pajani, kama kawaida yake ya kujaribu mashine kabla ya wagonjwa. Picha ikatokea. Msuli ulikuwa umekonda na kufifia.

"Sista, hebu njoo."

Muuguzi Benedicta alichungulia. "Hilo paja la bibi kizee. Umempima nani mapema hivi?"

"Nimejipima mie."

Benedicta alicheka, kisha akageukia pazia. Nyuma ya pazia kulikuwa na mtu anahema kwa shida.

Nassibu aliijua pumzi ile. Ilikuwa ya Bi Chausiku, mgonjwa wake wa zamani, aliyekaanga samaki kwa mkaa maisha yake yote hadi moshi ukamla mapafu. Daktari aliagiza apimwe mapaja, kwa kuwa ugonjwa ule hula na misuli. Siku ya kipimo ilikuwa Ijumaa, Nassibu anawahi msikitini. Hakumpima. Alimpa picha ya kijana wa bodaboda aliyetangulia kupimwa. "Miguu mizima, bibi. Unadeka."

Nyumbani waliiamini picha. Bi Chausiku akaambiwa achote maji mwenyewe, akafia bombani, ndoo mkononi. Bibi huyo alikuwa na jini wa ukoo, na kila Alhamisi alimfukizia ubani. Baada ya maziko, hakuna aliyemfukizia tena jini huyo, naye akamfuata aliyemdanganya bibi.

Tangu asubuhi ile ya Jumanne paja la Nassibu lilizidi kusinyaa, na ile pumzi ikatoka nyuma ya pazia, ikamfuata hadi kwake Mbagala Kuu, ikakaa kwenye kiti, ikapanda kitandani, ikaingia kifuani mwake, mpaka mkewe akawa hajui anayekoroma ni mumewe au ni yule mwingine aliyenuka moshi.

Sheikh Mbwana aliitwa, akamsomea Kurani. Jini alijibu kwa kinywa cha Nassibu, kwa sauti ya kike, taratibu:

"Soma, sheikh, mie pia Muislamu. Binti wa Chausiku akisamehe, natoka. Asiposamehe, namaliza miguu, nahamia moyoni."

Wakambeba Nassibu hadi kwa Zubeda, binti wa marehemu.

"Dada, nisamehe. Nakufa."

Zubeda alishika mlango.

"Mama aliniomba nimchotee maji. Nikamwambia, picha imesema uko mzima." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Msamaha ninao, Nassibu. Sikupi."

Akafunga mlango. Nje, Nassibu alianza kukohoa.

Ewe Mola, mrehemu Bi Chausiku, mpanulie kaburi lake, umpe pumzi aliyoikosa duniani. Amina.