Vitanzi vya Marehemu

Asubuhi hiyo, jamaa zangu, nyumbani kwa Swailim, kule jangwani, kulikuwa na amani ya kutosha kugawia majirani. Mkate ulikuwa umetolewa kwenye majivu na kupanguswa, chai ilikuwa imeiva, na mlima Rum, ule ambao hata waliozaliwa chini yake huutazama na kunyamaza, ulikuwa umeanza kuwaka wekundu kileleni. Kwenye nguzo ya mbele ya hema, vyuma vya marehemu baba yake viligongana taratibu kwa upepo.

Ni vyuma vya wapanda miamba. Unakibana kimoja kwa vidole, unakisukuma ndani ya ufa wa jiwe, ukikiachia kinatanuka na kung'ang'ania. Kila kimoja kina kitanzi cha utepe wa nailoni, na kwenye kitanzi kuna pete ambamo kamba ya mpandaji hupita. Ukidondoka, jiwe limeshika chuma, chuma kimeshika kitanzi, na kitanzi kimekushika wewe. Mzee Awad, baba yake Swailim, alizawadiwa vyuma hivyo na mgeni aliyemwongoza zamani, akavifunga vitanzi kwa mikono yake mwenyewe. Alipofariki, mwanawe akavitundika pale nje ili kila apitaye ajue hapa ni kwa waongoza wageni. Akihitaji kupanda, anavitundua, akirudi, anavitundika. Kwa hiyo vikawa vinashinda juani mwaka baada ya mwaka, na jua la bonde lile halina urafiki na mtu.

Nofa, mkewe, alikuwa anapita na birika. Akasimama, akapitisha kidole kwenye kitanzi kimoja, akakitazama kidole chake.

“Baba Wadha, hivi hiki kilikuwa rangi gani?”

“Chekundu.”

“Na sasa?”

Swailim akanywa chai. Kitanzi kilikuwa rangi ya makapi.

“Kinatoa unga,” Nofa akasema. “Uzi ukishaanza kutoa unga, hapo hamna uzi tena. Vikate hivi, ufunge vipya. Utepe si upo tele mjini Aqaba?”

“Hayo mafundo alifunga baba. Niyakate mimi, halafu niwaambie nini watu?”

“Baba yako, Mungu amrehemu, leo hapandi. Anayepanda ni ndugu yangu, na sina mwingine.”

Huyo ndugu, Zaal, alikuwa amejinyoosha palepale kwenye mkeka na mkate mdomoni. “Dada, usinizike kabla sijamaliza chai,” akasema. “Shemeji, hebu muongezee sukari huyu, ameamka mchungu.”

Wanaume wakacheka. Neno la Nofa likaishia ndani ya kicheko hicho, kama maneno mengi ya maana yanavyoishia majumbani mwetu. Swailim akavitundua vyuma, akavivaa begani, akajiona amevaa heshima ya ukoo mzima. Walikuwa wanakwenda kuikagua njia ambayo wageni wangepanda kesho yake.

Ukifika katikati ya ukuta wa mlima ule, ndugu msomaji, unajiona mdogo mpaka unasahau jina lako. Jiwe limepanda juu huwezi kuona mwisho, limeshuka chini huwezi kuona mwanzo, na ukimya wake una uzito. Swailim alikuwa amesimama kwenye ukingo mpana, amejifunga kwenye nguzo ya mwamba, anamtolea Zaal kamba kidogo kidogo. Alikuwa amepanda huko tangu ujana wake, na bado moyo ulimwenda mbio, si kwa hofu, ila kwa kustaajabia kazi ya Mungu.

Zaal alipanda vizuri. Alipokuta tundu linalopenya kwenye jiwe, alipitisha kipande cha kamba mpya alichokuwa nacho kiunoni, akakifunga, akaingiza kamba kubwa kwenye pete yake. Juu zaidi akaweka chuma kimoja cha mzee, kisha kingine.

“Vimeuma?” Swailim akaita kutoka chini.

“Vimeuma kuliko mama mkwe wangu.”

Akacheka, akainua mguu, akaukanyaga mchanga uliojifanya jiwe, ukamomonyoka.

Swailim aliusikia mlio mdogo tu, wa kitu kikavu kinachokatika. Halafu mwingine. Halafu kamba ikamvuta kwa nguvu mpaka akabanwa na mwamba, na Zaal akawa ananing'inia chini ya lile tundu la jiwe, ameshikwa na kipande chake cha kamba mpya. Alikuwa amejigonga ukutani, na paja lake lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia kwamba wakati mwingine guu ni la mwenzako.

Swailim akamshusha mpaka ukingoni, akamlaza, akapiga kelele mpaka koo likakauka. Walipokuwa wakiwasubiri watu kutoka kijijini, aliinua macho. Vyuma viwili vya baba yake vilikuwa bado ndani ya ufa, vimeuma vilevile, havikusogea hata chembe. Kwenye kila kimoja kulikuwa na kijipande cha utepe kinachopepea. Mlima haukuwa na kosa, wala chuma hakikuwa na kosa. Swailim akalia mbele ya shemeji yake bila aibu.

Wanaume walifika kwa njia ya kale ya wawindaji, wakamteremsha Zaal. Nofa alikuwa anangoja chini.

“Ni vile vitanzi?” akamuuliza mumewe.

“Ndiyo.”

Hakumtukana. Akapanda garini na ndugu yake kwenda hospitali, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakumwita Swailim “Baba Wadha”, alimwita kwa jina lake tu. Wenye ndoa wanajua adhabu hiyo ilivyo.

Zaal aliporudi na plasta ngumu mguuni, daktari ameshamwambia mguu huo utatembea lakini hautapanda, Swailim alileta vyuma vyote vilivyobaki, kisu na utepe mpya. Akakaa mbele ya mkewe, akashika kitanzi cha kwanza. Mkono ukagoma.

“Siwezi,” akasema. “Nikikata, ndiyo baba ameondoka kweli.”

Nofa akainua macho kwenye paa la hema. “Hili hema la nani?”

“La mama yangu.”

“Kila mwaka mimi nafuma kitambaa kimoja kipya, natoa kilichochakaa, nashona. Kitambaa alichofuma mama yako hakipo hata kimoja hapo juu. Umewahi kusema hili si hema la mama yako?”

Nofa akakichukua kile kitanzi mikononi mwake, akakivuta kwa nguvu mara moja. Kikakatika.

Wote watatu walikuwa wanatazama vipande viwili mikononi mwa Nofa, na kila mmoja alikuwa anahesabu moyoni wageni wote, akina mama na vijana wa watu, waliowahi kuning'inia kwenye vitanzi vile wakipiga picha. Mungu aliwalinda wote.

“Shemeji,” Zaal akasema kwa sauti ndogo, “lete kisu, nikusaidie.”

FUNZO

Jamaa zangu, marehemu hawatuombi tuwatunzie nyuzi zao. Wametuachia kazi, na kazi hutunzwa kwa kukaguliwa. Chuma hudumu, uzi huisha. Mwenye akili huubadilisha uzi kabla haujamkatikia. Kila nyumba ina kitu chake kinachochakaa kimyakimya: breki za gari, kamba ya kisima, waya wa umeme. Akitokea mtu wa nyumbani mwako akakigusa na kusema kimekwisha, usimcheke. Weka chini kikombe chako, uende nawe ukaguse.